Siku ya kuripoti, uliza friji liko wapi

Wadogo zangu mliopangiwa zahanati za vijijini safari hii, hongereni na poleni. Kwenye makundi ya WhatsApp naona mnaulizana kama kijiji kina umeme, kama mtandao unashika, kama kuna nyumba ya mtumishi au mtapanga kwa mwenyekiti. Maswali ya haki kabisa. Na mimi niliuliza hayohayo mwaka 2012 niliposhuka kwenye basi mkoani Tabora na godoro, ndoo mbili na cheti cha utabibu. Ambacho sikuuliza ni friji liko wapi na ndani mna nini, na kuna usiku nilijuta.

Nianze na watu, maana ndio hamtawakuta. Mwongozo wa ikama wa 2014, yaani wa idadi ya watumishi kila kituo kinaohitaji, ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Sisi tulikuwa watatu: mimi, nesi mkunga mmoja, na mama mhudumu. Nesi akienda likizo ya uzazi tunabaki wawili. Nami nikiitwa wilayani kwenye mafunzo, anabaki mama mhudumu na funguo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Wananchi wakafyatua tofali, wakasomba mchanga na maji, majengo yakasimama. Nesi hafyatuliwi. Na cha kuchekesha, kama unaweza kucheka, ni kwamba huku zahanati inafunga mlango saa nane kwa kukosa mtu, mjini kuna vijana wenye vyeti vya uuguzi wanauza vocha wakisubiri tangazo la ajira. Kwa hiyo mtu akikwambia nchi haina wasomi wa afya, mwambie kinachokosekana ni vibali na mishahara ya kuwaajiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itapungukiwa watumishi wa afya kama milioni 11, wengi wao katika nchi kama zetu. Usitegemee shida hii itaisha kabla hujathibitishwa kazini.

Kosa la wageni wengi, mimi nikiwa wa kwanza, ni kutaka kuziba nafasi zote 12 zilizo wazi kwa mwili mmoja. Unafungua asubuhi, unaandikisha wagonjwa, unapima malaria, unachoma sindano, unatoa dawa, unafagia, usiku unazalisha. Kijiji kinakusifu. Mwezi wa nne unaanza kufokea wajawazito. Mwezi wa sita unaandika barua ya uhamisho. Waliodumu niliowaona ni wale waliotazama mapema nani hapo kijijini tayari anabeba kazi, wakajipanga pamoja naye.

Sasa huo usiku. Mama wa uzao wa tano, mtoto ametoka salama, kondo la nyuma limetoka zima, lakini damu haikati. Nikachoma oksitosini, dawa ya kukaza kizazi ili damu ikate, uniti 10, nikasubiri, nikachoma nyingine. Kizazi kikabaki laini. Dawa ile nilikuwa nimeitoa kwenye rafu ya stoo, chini ya bati, na ulikuwa Oktoba. Mnaoijua Tabora ya Oktoba mnaelewa. Oksitosini hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, lakini tulikuwa tumezoea kwamba friji ni la chanjo tu na kitu kingine hakiingii. Sitaapa kuwa dawa ilikuwa imekufa. Ninachojua ni kwamba haikufanya kazi. Mama mhudumu akabana tochi kwapani, akaweka kiganja juu ya tumbo la yule mama na kuanza kusugua kizazi, mduara kwa mduara, huku akiniambia kwa sauti ya chini, “Daktari, vile vidonge, droo ya pili.” Ilikuwa misoprostoli, dawa ya kazi hiyohiyo, iliyobaki kwenye mradi fulani. Nilikuwa sijui kama ipo. Yeye ndiye aliyeipanga pale.

Mama alipona. Kulipokucha nilimpigia mratibu wa chanjo wilayani, tukakubaliana oksitosini ikae friji lilelile, ndani ya kopo lake lenye jina, ili isichanganywe na chanjo. Ilikuwa simu ya dakika tano, ambayo ningeipiga siku ya kwanza kama ningeuliza.

Huyo mama mhudumu ni wa darasa la saba. Mwaka 2017, kwenye uhakiki wa watumishi, aliondolewa kazini kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Mwaka uliofuata, walioajiriwa kabla ya Mei 2004 waliporudishwa, naye akarudi. Miezi ile aliyokuwa nyumbani ndiyo niliyoelewa zahanati ilikuwa ya nani. Hakuna aliyejua vifaa vya kuzalishia vinachemshwa saa ngapi ili vipoe kabla ya jioni, wala kaya ipi ina mjamzito anayeficha mimba. Ukifika, mpe wiki nzima akuoneshe. Usimtume chai.

Wakunga wa jadi ni habari nyingine, na hapa nilikosea vibaya. Mkutano wangu wa kwanza wa kijiji nilisimama na kutangaza kwamba nikisikia bibi yeyote amezalisha nyumbani nitampeleka kwa mtendaji. Watu wakapiga makofi. Miezi miwili iliyofuata, kitabu namba 12 cha MTUHA, yaani vitabu vya serikali vya kumbukumbu za kituo, kile cha wazazi, hakikujaa hata ukurasa. Wanawake hawakuacha kuzaa. Wale bibi walikuwa ndio wanaowasindikiza zahanati usiku, na mimi nilikuwa nimewaambia kwamba wakionekana karibu na mzazi ni kesi. Ikabidi niende na mwenyekiti nyumba kwa nyumba, niseme “mwangaluka” kwa adabu, nikae kwenye kigoda, niombe radhi. Tulikubaliana bibi aje na mzazi wake, aingie naye chumba cha kujifungulia, amshike mgongo, na mtoto akishafutwa awe yeye wa kumfunika khanga. Kwangu haikuwa gharama yoyote. Ukurasa ukaanza kujaa tena.

Na WAJA, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Zamani walikuwa wa kujitolea, ambayo maana yake ni fulana, mkoba, na baiskeli ya mradi ambayo mradi ukiisha inabaki bila tairi. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kitaifa unaolenga WAJA 137,294 ndani ya miaka mitano, wenye mafunzo na posho. Ninyi mtawakuta wengi kuliko sisi. Ombi langu ni moja: WAJA akikuletea mgonjwa na karatasi ya rufaa, mrudishie majibu. Andika mistari miwili, “Tumempima, ana nimonia, mtazame Jumatatu.” Nilikuwa na kijana mmoja aliyetembea na mtoto mgonjwa kilomita nyingi kutoka kitongoji cha wafugaji, akasimama nje mpaka jioni asijue kilichoendelea, akarudi zake. Hakuleta mwingine kwa muda mrefu. Nilipomuuliza akasema, “Nilidhani hamkunihitaji.”

Vitabu. Najua mnavichukia. Foleni ina watu hamsini, mtoto anadegedeka, na mtu anataka ujaze kitabu namba 5 kwa jina, umri, kijiji na matokeo ya kipimo. Unajiambia utajaza jioni; jioni umechoka, unaandika nusu. Sikilizeni kitu ambacho sikufundishwa chuoni. Wanaopanga watumishi wana njia ya Shirika la Afya Duniani iitwayo WISN: wanachukua kazi zilizofanyika kituoni kwa mwaka, wanazidisha kwa muda ambao kila kazi inachukua, kisha wanagawa kwa saa ambazo mtumishi mmoja anapatikana kazini. Jibu ndilo idadi ya watu unaohitaji. Sasa kama uliona wagonjwa hamsini ukaandika ishirini na tano, kwa karatasi wewe una nafasi ya kupumzika, na nesi atapelekwa kwingine. Miaka miwili tulilalamika mdomoni. Tulipoanza kuandika kila mtu, hata aliyekuja kufungwa kidonda tu, mwaka uliofuata tukapata nesi wa pili. Siwezi kudai ni vitabu peke yake, labda na bahati ilikuwepo. Lakini kwenye kikao cha wilaya nilikuwa na namba za kuweka mezani, na waliokuja na manung'uniko walirudi nayo.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hata mwenye miaka 24, ni mtu wa bajeti. Kaa na kamati ya usimamizi, wasomee matumizi kwa sauti, wabandikieni ubaoni. Kijiji kinachojua hela imenunua nini ndicho kinachokutetea siku dawa zimekosekana Bohari ya Dawa na umelazimika kwenda kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeidhinishwa. Fedha zako binafsi: maofisa mikopo watakufuata hata huko porini, wanajua tarehe ya mshahara wako wa kwanza kuliko wewe. Makato hayatakiwi kukubakizia chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na wengi hufika hapo ndani ya mwaka mmoja. Theluthi moja ya mshahara wa tabibu, mbali na nyumbani, ni njaa yenye heshima. Subiri.

Rufaa zitakutisha kuliko kitu chochote, hasa masika, mbuga ikijaa na udongo mweusi ukishika matairi. Sisi tulikuwa tunabembeleza madereva wa maroli ya tumbaku. Ninyi mna m-mama, namba 115 isiyolipiwa, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ambulansi isipokuwepo, huita gari la mtu binafsi aliyesajiliwa. Piga mapema. Mwenye kifafa cha mimba mpe magnesiamu salfeti kwanza, usimpandishe garini hivihivi ukidhani hospitali watamalizia. Kwenye barua ya rufaa andika dawa, kiasi na saa. Tafuta ndugu wawili wenye afya wapande naye kwa ajili ya kuchangia damu. Halafu piga simu kule anakopelekwa, mtu aamke kabla gari halijafika.

Mtaitwa daktari hata kama ni tabibu msaidizi au nesi. Usilikatae jina, utachosha watu bure, lakini usilewe nalo pia. Kitu usichokijua sema hukijui na upige simu. Mimi nilikuwa na mwenzangu wa kituo cha afya jirani, tulipigiana kila Jumapili jioni, kwanza kuhusu wagonjwa, baadaye kuhusu mpira na wachumba. Miezi ambayo mnara ulizimika ndiyo miezi niliyokaribia kuacha kazi.

Na kulala ni sehemu ya zamu. Kwa kuwa nyumba ya mtumishi iko hatua ishirini kutoka zahanati, hodi haikomi: mwenye jipu la wiki mbili anakuja saa tano usiku kwa sababu ameona taa. Tulikaa na serikali ya kijiji tukapanga: usiku ni uzazi, mtoto mwenye homa kali au degedege, ajali, anayevuja damu na anayeshindwa kupumua. Mengine asubuhi. Mgambo ndiye aliyewaeleza watu, si mimi, na hilo lilinisaidia sana.

Mizigo: gambuti, redio ndogo, daftari gumu lako binafsi la mambo unayojifunza. Tochi nunua ya kuvaa kichwani, ile ya mkononi inahitaji mtu wa kuishika. Betri beba kutoka mjini. Kijijini zinauzwa mojamoja, na nyingi zimekaa kwenye rafu mpaka zimeanza kutoa maji.