Kabla ya Kubonyeza Kitufe: Ushauri wa Mwendeshaji wa Zamani wa IBM 1401

Wapo vijana wanaofufua kompyuta za zamani, wengine kwa kukarabati mashine zenyewe, wengine kwa programu za uigaji zinazoendeshwa kwenye kompyuta za leo, na ninaona wengi wao hukimbilia meza yenye taa na vitufe. Kazi ya kuendesha kompyuta niliifanya zamu za usiku jijini London katika miaka ya 1960, na naweza kusema kwa yakini kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mwendeshaji huwa imekwisha kabla kitufe hakijaguswa. Mashine yetu ilikuwa IBM 1401, iliyotangazwa Oktoba 1959 na kuenea duniani kwa zaidi ya mashine 10,000, nayo ilisoma na kuandika kanda za sumaku kwa mashine za kanda za IBM 729.

Anza na pete. Nyuma ya kila gurudumu la kanda kuna mfereji wa mviringo ambamo huingia pete ya plastiki. Pete ikiwemo, mashine ya kanda inaweza kuandika. Isipokuwemo, haiandiki hata programu ikiagiza vipi. Kwa hiyo kanda ya programu, au kanda yenye kumbukumbu kuu za mishahara au wateja, isipandishwe kamwe ikiwa na pete, isipokuwa karatasi ya maagizo imesema hivyo waziwazi. Nilishuhudia kanda ya wateja ikipandishwa na pete yake kwenye mashine ambayo swichi yake ya namba, yaani namba ambayo programu huitumia kuita mashine hiyo ya kanda, ilikuwa imeelekezwa kwenye 4, na programu iliyofuata ilikuwa inaandika ripoti kwenye namba hiyo hiyo. Tulipotambua, mwanzo wa kanda ulikuwa umekwisha kufunikwa. Tuliokolewa na utaratibu wa babu, baba na mwana: kanda mpya ni mwana, ile iliyotumika kuitengeneza ni baba, na iliyotangulia hiyo ni babu, na zote huhifadhiwa pamoja na kadi za mabadiliko ya kila awamu. Tulimtwaa baba na kadi zake, na kabla ya alfajiri mwana alikuwa ametengenezwa upya.

Kwa anayetumia programu ya uigaji ya SIMH, pete hiyo ipo kwa sura nyingine. Amri ya attach ikiongezewa -r hufungua faili la kanda kwa kusoma tu, na ninakusihi uizoee kwa kila kanda usiyokusudia kuiandika, kwa kuwa faili la kanda adimu likiharibika huenda usilipate tena.

Baada ya pete huja usafi. Futa kichwa cha kusomea na njia yote ya kanda kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa dawa ya kusafishia vichwa, kabla ya zamu na tena katikati yake. Kwenye kanda yenye upana wa nusu inchi kuna mistari 7 sambamba ya kurekodia, na chembe moja ya vumbi inatosha kuinua kanda kutoka kwenye kichwa na kupoteza herufi. Kisha vuta kanda kwa mkono, ukishika ncha yake tu, ipitishe chini ya kichwa, izungushe kwenye gurudumu la pili mpaka kibandiko cha fedha kinachoonyesha mwanzo kiwe kimepita. Funga mlango, bonyeza Load Rewind, na usiondoke. Tazama kanda ikishuka katika mifereji miwili ya wima inayonyonya hewa, ikijikunja vizuri pande zote mbili. Mikunjo hiyo ndiyo inayoiwezesha kanda kuanza na kusimama ghafla bila kukatika, na mwendeshaji aliyezoea huitambua kanda yenye kasoro kwa namna inavyochezacheza humo.

Kupakia programu kwenyewe ni jambo la haraka. Mashine yenye kanda ya programu iwekwe namba 1, swichi za hiari kwenye meza, ambazo programu huziangalia ili kuchagua la kufanya, zikaguliwe dhidi ya karatasi ya maagizo, kisha bonyeza Tape Load: rekodi ya kwanza husomwa kuingia kwenye kumbukumbu kuanzia anwani 001, na mashine huanza kutekeleza kutoka hapo. Kwenye SIMH, boot mt1 hufanya kazi hiyo.

Programu ikisimama bila kutarajiwa, usiguse kitufe chochote kabla hujanakili anwani zinazoonyeshwa na taa. Waandishi wa programu walizitumia anwani hizo makusudi kama alama za sababu ya kusimama, na daftari la zamu lenye maneno "ilisimama saa nane usiku" bila anwani halimsaidii mtu asubuhi.

Jambo jingine nawaambia hasa wanaoandika programu zao wenyewe za kujaribu. Kati ya rekodi na rekodi kanda huacha nafasi tupu ya robo tatu ya inchi. Kwa msongamano wa herufi 556 kwa inchi, rekodi moja ya herufi 80 haifiki hata sehemu ya tano ya nafasi hiyo, kwa hiyo ukiandika rekodi moja moja, kanda ya futi 2,400 itabeba takriban rekodi 32,000 tu, na muda mwingi utapita ikisogea juu ya utupu. Ukizikusanya 10 katika fungu moja, kanda hiyo hiyo hubeba takriban 130,000. Gharama yake ni kumbukumbu: fungu hilo lina herufi 800, na mashine ndogo ilikuwa na herufi 1,400 kwa jumla, hivyo pima kabla ya kuamua.

Kazi ikikamilika, rudisha kanda mwanzo na uishushe mara moja. Isilale kwenye mashine ikingoja kazi nyingine. Toa pete papo hapo, andika kwenye lebo namba ya kanda, jina la kazi, tarehe ya leo na tarehe ambayo inaruhusiwa kufutwa, kisha iweke ndani ya kasha lake ikiwa imesimama wima.