Kompyuta ya mezani haiwaki baada ya umeme kurudi: pima waya wa zambarau kabla ya kununua ubao mama

Ndugu yangu, umesema umeme wa hapo Busia ulikatika usiku ukarudi kwa nguvu, na tangu asubuhi mashine yako ya mezani iko kimya kabisa: hakuna taa, feni haitikisiki, kitufe unabonyeza bure. Fundi akakwambia ubao mama, ule mkubwa unaounganisha sehemu zote, umekufa, na mita ya kupimia umeme hakuigusa. Usilipe ubao bado. Mashine inayonyamaza hivyo baada ya umeme kurudi mara nyingi imekatikiwa njiani, kwenye fyuzi ya plagi, kwenye waya au kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuigawia mashine. Ubao huhukumiwa mwisho, maana ndio ghali kuliko hivyo vyote.

Tuelewane jambo moja. Mashine isiyowaka na mashine isiyoleta picha zina magonjwa tofauti. Ingekuwa feni inazunguka na skrini ni nyeusi, ningekwambia utoe ramu (kile kibao chembamba cha kumbukumbu), usugue meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli na uirudishe, kisha uhakikishe kile kiunganishi kidogo cha pini 4 au 8 karibu na prosesa kimekaa sawasawa. Yako haiwaki, kwa hiyo tunaufuata umeme kutoka ukutani kuingia ndani.

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile unayotumia, si ya pembeni yake. Weka kando ekstensheni na UPS (kile kisanduku cha betri ya akiba), mashine iende ukutani moja kwa moja. UPS yenye betri mbovu huwasha taa zake vizuri huku inaangusha mzigo. Kisha chukua waya wa umeme wa skrini, maana kwa kawaida kichwa chake ni kilekile, uuchomeke kwenye mashine. Ikiwaka, kazi imeisha: waya wa zamani una fyuzi iliyoungua ndani ya plagi. Inua kifuniko chake kwa bisibisi bapa, itoe, ipime kwa mita iliyo kwenye mlio: ikilia, fyuzi ni nzima. Fyuzi ya kauri haionyeshi weusi nje, kwa hiyo usiiamini kwa macho. Rudisha yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye plagi. Ile tabia ya kuizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara iache kabisa. Siku hitilafu ikitokea, fyuzi haitakatika, waya ndio utakaoshika moto.

Zunguka nyuma ya mashine. Swichi ya pawa saplai iwe upande wa I, si O. Baadhi ya mashine za mitumba zina pia kiswichi chekundu cha 115 na 230. Hapa kwetu umeme ni volti 240, lazima kisome 230. Kikiwa 115 na ukachomeka, utasikia mlio kama wa risasi na kunusa kitu kilichoungua, na hapo hakuna kingine ila kubadilisha pawa saplai. Saplai zisizo na kiswichi hicho nyingi hujirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240. Soma kibandiko chake.

Sasa chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, subiri dakika chache, chomeka tena ujaribu. Umeme unaporudi kwa kishindo, ulinzi wa saplai huweza kujifunga na kubaki umefungwa hadi chaji iliyobaki ndani iishe. Mashine nyingi hufufuka hapo bila kufunguliwa hata skrubu moja.

Ikigoma, fungua kasha na utafute mita. Kwenye kiunganishi kikubwa cha pini 24 kuna waya mmoja wa zambarau. Huu hubeba volti 5 muda wote saplai ikiwa imechomekwa, hata mashine ikiwa imezimwa. Kiache kiunganishi kwenye ubao, weka mita kwenye volti za DC 20, ncha nyeusi ishike waya mweusi wowote, ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya kiunganishi hadi iguse chuma cha waya wa zambarau. Unatafuta kati ya 4.75 na 5.25. Ukipata sifuri, zima swichi ya nyuma, chomoa kiunganishi chote kutoka kwenye ubao, washa swichi, upime tena. Ikibaki sifuri, saplai imekufa na ubao haujashtakiwa kwa lolote. Volti zikirudi, basi kuna kitu kwenye ubao au kilichounganishwa nao kinachozimeza.

Zambarau ikiwa nzima, hamia waya wa kijani. Kabla ya kubonyeza utasoma volti kati ya 3 na 5 hivi. Mtu abonyeze kitufe ukiwa unatazama mita: inatakiwa ishuke chini ya 0.8. Ikishuka na saplai isiitikie, saplai ni mbovu, au imeona shoti ikajifunga. Isiposhuka, shaka iko kwenye kitufe. Chomoa ule waya mwembamba wa pini mbili unaotoka kwenye kitufe hadi ubaoni, gusanisha zile pini mbili za ubaoni ulipokuwa umekaa kwa ncha ya bisibisi sekunde moja tu. Ikiwaka, kitufe ndicho kilichochoka. Unaweza kutumia waya wa kile cha kuanzisha upya (reset) mahali pake.

Kuna jaribio la kuunganisha kijani na cheusi kwa klipu ya karatasi, saplai ikiwa imetolewa kwenye ubao. Ni zuri, lakini feni ikizunguka usishangilie. Feni inahitaji nguvu kidogo sana. Ning'iniza diski ngumu ya zamani iwe mzigo, ndipo upime: njano 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Na angalizo kubwa: Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina kiunganishi cha pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ina cha pini 6. Hizo hazifuati mpangilio huu wa rangi, kwa hiyo usichomeke klipu kwa kubahatisha. Saplai nyingi za Dell zina kitufe kidogo na taa ya kijani nyuma, karibu na mahali pa waya. Bonyeza: taa ikiwaka saplai iko hai. Ikiwaka tu baada ya kuichomoa kwenye ubao, tafuta shoti ndani ya mashine.

Kuitafuta shoti ni kazi ya subira. Chomoa diski zote, kadi ya picha, waya za USB za mbele, ubaki na ubao, prosesa na feni yake, na ramu moja. Milango ya USB ya mbele itazame kwa tochi. Kwenye mashine za kafe ya intaneti vile vijisahani vya ndani hupindana vikagusana, na mashine nzima hukataa kuwaka kwa ajili ya hicho. Nyuma ya kasha, kama kuna kifuniko cha kadi kilichong'oka, mulika ndani ya saplai kupitia matundu yake. Mjusi aliyekauka humo si jambo la ajabu kwetu.

Feni ikitikisika mara moja na kusimama, chomoa kile kiunganishi cha pini 4 cha prosesa ujaribu. Feni zikiendelea kuzunguka bila hicho, shoti iko kwenye transista zinazoilisha prosesa. Zima, chomoa ukutani, pima upinzani kati ya tundu la njano na la jeusi kwenye soketi hiyo ubaoni: ukikaribia sifuri, hapo ndipo ubao umehukumiwa kwa haki. Tazama pia kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, kuzunguka prosesa. Nzima ina kichwa bapa kama kifuniko cha soda, mbovu imevimba juu au imetoa ute wa kahawia uliokauka kwenye shina lake.

Betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu iliyo kwenye ubao, ikiwa chini ya volti 2.5 ibadilishe, ingawa kwa kawaida huharibu saa tu na si kuzuia kuwaka.

Saplai yenyewe usiifungue. Kapasita kubwa za ndani hushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa.

Nipe namba tatu: zambarau ikiwa kwenye ubao, zambarau nje ya ubao, na kijani ukibonyeza. Ongeza na jina la mashine. Kama usiku huo kulikuwa na radi, niambie pia kama waya wa mtandao ulikuwa umechomekwa, maana radi hupita humo na kuua ubao huku saplai ikibaki salama.