Pampu isiguswe kwanza: barua kwa Masanja

Masanja baba,

Mwangaluka. Jicho linaendelea vizuri. Bandeji ilitolewa juzi, ila daktari amenikataza kuinama na kukazia macho maandishi, kwa hiyo mimi nasema na Neema, mtoto wa dada yako, ndiye anayeandika. Ukikuta mahali pameandikwa "kapeti", soma "tapeti", ile nafasi ndogo juu ya valvu za injini. Tumeshabishana mara mbili juu ya hilo.

Ujumbe wako nimesomewa mara tatu. Unasema trekta haliwaki asubuhi mpaka mliteremshe pale mwembeni. Likiingia mbugani linafuka moshi mweusi na nguvu hakuna. Fundi amesikiliza muungurumo kwa dakika tano, akasema pampu ya dizeli imekufa, aifungue aipeleke mjini, na anataka umpe laki nne ya kuanzia. Unaniuliza umpe?

Usimpe. Bado.

Kwanza nikuulize na mimi: likiteremka pale mwembeni, si umeandika mwenyewe kwamba linashika mara moja? Pampu iliyokufa haishiki kwa mteremko wala kwa mlima. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama pikipiki yako. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa haipati joto la kutosha kama injini inazungushwa polepole. Mteremko unaizungusha haraka kuliko stata yako, basi. Kwa hiyo la asubuhi ni la betri na nyaya zake. Toa vichwa vya betri, mwagia maji ya moto ule unga wa kijani, piga msasa mpaka risasi ing'ae, kaza. Halafu ufuate ule waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye mwili wa trekta, maana huo ndio watu huusahau. Pale ulipofungwa kuna kutu na rangi niliyopaka mwenyewe mwaka ule, kwa kujifanya nalirembesha. Kwangua chuma kionekane. Kile kipasha moto cha kwenye njia ya hewa kilikatwa waya zamani na baba yako, na trekta likaendelea kuwaka miaka yote. Magu kwetu si Njombe kwenye baridi.

La pili, moshi mweusi, ni jambo jingine kabisa, na fundi ameyatia mawili kwenye gunia moja. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua nayo. Ungekuwa wa bluu ningesema inakula oili, ringi za pistoni zimechoka. Ungekuwa mweupe wa kuchoma macho ningesema dizeli inatoka bila kuungua. Mweusi, wakati wa kazi, mimi nakwenda kwenye hewa kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nina sababu.

Mwaka 2011, miaka miwili baada ya kumzika baba yako, trekta lilianza kufuka hivyohivyo, Novemba, watu wanangoja kulimiwa. Nilimwita fundi mmoja, jina lake liache. Akatandika gunia pale uani, akaifungua pampu juu yake, kuku wanapita. Pampu ile ndani ina sehemu zilizosagwa zikaoana kiasi kwamba chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuiharibu. Hufunguliwa kwenye chumba safi, juu ya mashine ya kuipimia, haifunguliwi juu ya gunia la pumba. Ilipofungwa tena trekta halikuwaka kabisa. Nililipa fundi wa pili mjini, nikalipa vipuri, msimu wa pamba ukanipita, na wewe ukarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Na baada ya yote hayo, pampu imetengenezwa na kurudishwa mahali pake, trekta likaendelea kufuka moshi mweusi.

Ni mzee mmoja dereva mstaafu, amepita kunipa pole tu, aliyeniambia, "Mama Masanja, chujio la hewa umelifungua lini?" Nikacheka, nikasema lile bakuli la oili? Tulipolitoa, oili yake ilikuwa imegeuka tope la kufinyangia chungu. Wavu wa juu ulikuwa umeziba kwa vumbi na nyuzi za pamba. Nusu saa ya kazi na kikombe kimoja cha dizeli ya kuoshea. Nililia siku ile, na sikulia kwa ajili ya trekta.

Kwa hiyo anza hapo. Fungua kibano, shusha bakuli, mwaga oili chafu. Futa mashapo ya chini kwa kitambaa, suuza bakuli na wavu kwa dizeli, kausha, tia oili ya injini mpya mpaka kwenye alama. Iishie kwenye alama, baba, hata kama mkono umezoea kuongeza. Ikizidi, injini itaivuta na kuichoma kama mafuta, na inaweza kuanza kukimbia yenyewe hata ukivuta kamba ya kuzima. Na ule mpira unaounganisha chujio na injini uukunje kwa vidole uangalie nyufa. Ukipasuka, vumbi linaingia bila kupita kwenye chujio, na vumbi likiingia linasaga silinda kama jiwe la kusagia. Ukiwa unalima luseni, ule udongo wa kichanga, wakati wa kiangazi, bakuli liangalie kila jioni. Mbugani penye unyevu, hata mara moja kwa juma panatosha.

Sasa kuna kitu umekitaja kwa kupitia tu, nami nimekishika. Umeazima plau ya diski tatu. Trekta letu ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka Coventry, Uingereza, mwaka 1964, injini ya Perkins ya silinda tatu, lita mbili na nusu, nguvu za farasi kama 45 lilipokuwa jipya. Sasa ni zee. Babu yako alilinunua likiwa limeshatumika, kwa pesa ya pamba, na tangu hapo halijapumzika. Udongo wa mbuga ukilowa unashika diski kama ugali wa moto. Diski tatu, kina kirefu, gia ya pili: hata trekta la duka lingetoa moshi. Rudisha hiyo plau ya watu. Funga yetu ya diski mbili, punguza kina, teremka gia moja, halafu uangalie moshi ukoje. Huenda nusu ya ugonjwa ikawa imeondoka na plau ya jirani.

Hewa ikishakuwa safi, nenda kwenye dizeli. Naomba uniambie kweli: lile pipa la dizeli bado mnanyonya kutoka chini? Pipa likikaa nusu tupu linafanya umande ndani usiku, maji yanakaa chini, na ukipitisha mpira mpaka sakafuni unavuta maji na kutu. Liache litulie siku nzima, nyonya kutoka juu kidogo ya chini, chuja kwa kitambaa. Tangi la trekta lijaze jioni ukimaliza kazi, usingoje asubuhi, ili usiku pasibaki nafasi ya umande. Na kama kuna anayekuuzia dizeli ya bei ya huruma, inuse. Wako wanaochanganya na mafuta ya taa. Pampu ile haina oili nyingine ya kuilainisha ndani zaidi ya dizeli inayopita humo. Mafuta ya taa ni mepesi, yanaikausha.

Chujio la dizeli badilisha. Fungua ile bolti ya katikati, shika sehemu ya chini isianguke. Zingatia ringi za mpira zilivyokaa: toa za zamani zote, nyingine hung'ang'ania juu usizione, ukaweka mpya juu ya nzee, dizeli ikavuja na hewa ikaingia. Kisha utatoa hewa, na hapa usiwe na haraka. Legeza skrubu ya hewa juu ya chujio. Pampu ndogo ya pembeni mwa injini ina mkono. Upige kwa kidole mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo ukaze. Ukiona mkono ule umelegea na hausukumi kitu, usiseme umekufa nao. Injini imesimama mahali ambapo imeubana kwa ndani; izungushe kidogo, ujaribu tena. Baada ya chujio, fanya hivyohivyo kwenye skrubu za hewa za pampu kubwa. Mwisho legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, vile vipuliza dizeli vya kila silinda, fungua mafuta mpaka mwisho, piga stata mpaka dizeli idondoke safi, kaza. Wakati huo weka uso na mikono mbali. Dizeli ya kutoka kwenye bomba lile ina msukumo wa kutoboa ngozi, na ikiingia mwilini ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Likishawaka, liache lisilale wala lisikimbie, halafu legeza nati ya nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda ya pili, kisha ya tatu. Ukilegeza na mngurumo ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na trekta halijali, huyo ndiye mvivu wako. Ukipata hata moja ya namna hiyo, zitoe nozeli zote tatu uzilete mjini wazipime kwenye mashine. Ni kazi ya mchana mmoja. Zikirudi, weka washa mpya za shaba, vile vipete bapa, chini yake, usirudishe za zamani.

Tapeti nimeiacha nyuma lakini ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Baba yako alinifundisha akiwa ameshika tochi yeye na spana mimi, watu wakipita njiani wanacheka. Injini iwe baridi kabisa, ya usiku kucha. Toa kifuniko cha juu, utaona valvu sita, mbili kwa kila silinda. Vuta kamba ya kuzima uifunge ikiwa imevutwa, weka gia ya juu kabisa, na vijana walisukume trekta taratibu penye tambarare. Injini itazunguka nawe utaona kila kitu. Kwa silinda unayoitaka, tazama pale valvu moja inapomalizia kupanda na mwenzake anaanza kushuka. Hapo zinapishana. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili tokea hapo, na zote mbili zitakuwa zimefunga. Ndipo upitishe, kati ya valvu na mkono unaoisukuma, kile kijibati cha kupimia, cha milimita 0.30; kipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta noti kutoka katikati ya kurasa za kitabu. Kikigoma, legeza skrubu. Kikipita kama upepo, kaza. Shika skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati yake, la sivyo inazunguka nayo na kipimo kinapotea. Pima tena baada ya kukaza. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, mbano unavuja, na hapo ndipo asubuhi za mwembeni huanzia, hata betri ikiwa nzuri.

Mengine unayajua. Oili ya injini mimi humwaga kila saa 200 za kazi, pamoja na filta yake, ikiwa bado moto. Grisi kwenye nipo, vile vinywa vya kupigia grisi, zote za mbele mpaka ya zamani itoke. Rejeta uipulize kwa maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, nyuzi za pamba zirudi zilikotoka. Na pedali mbili za breki uzifunge pamoja kabla ya kuingia barabara ya lami. Hilo la mwisho si la kuniambia unajua, ni la kufanya.

Ukimaliza yote haya na trekta bado linafuka likiwa na plau yetu, basi tutaongea habari ya pampu, nami nitakuwa wa kwanza kusema itolewe. Itatolewa nzima, mabomba yake yatazibwa kwa vitambaa safi, nayo italetwa huku ikiwa imefungwa hivyohivyo. Fundi wako asikasirike. Mpe kazi ya kusaidia kwenye nozeli, umlipe siku yake, huenda ni kijana mzuri tu mwenye njaa.

Dada yako ameenda Nyakato leo, amenunua chujio la dizeli, ringi zake, washa tatu za shaba na gasketi ya kifuniko cha valvu. Kesho vitakuja na basi la saa nne, kavichukue stendi ya Magu. Trekta hili nati zake ni za inchi, kwa hiyo spana za milimita za jirani usizijaribu, zitakula vichwa. Zetu zimo kwenye boksi la bati chini ya kitanda changu, 7/16, 1/2 na 9/16, pamoja na kile kijibati kimefungwa kwenye kitambaa cha khanga. Ufunguo anao shangazi yako. Akikuuliza utaurudisha lini, mwambie jioni hiyohiyo.

Mama yako