Kufuli yako, ufunguo wako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama mshahara wa kiwandani unatosha kuacha kazi ya kufunga umeme majumbani. Leseni unayo, hesabu unaijua. Mimi nitakwambia habari ya kufuli.

Nyumbani ni fezi moja, yaani waya moja hai, volti 230. Kiwandani ni fezi tatu, volti 400 baina ya fezi na fezi, na paneli moja huweza kulishwa kwa njia mbili. Mkono wa mjomba wako, ulioumizwa na umeme, unaujua. Kebo ya baharini ilipokufa, Unguja ikakaa gizani tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kiwanda chao kilikuwa kikienda kwa jenereta. Akashusha swichi ya pampu, akapima fezi tatu, zimekufa, akatia bisibisi. Kumbe waya ya koili ya kontakta, ile swichi ya mota inayovutwa kwa umeme, ilikuwa imevutwa kutoka paneli ya taa. Volti 230, hai.

Miaka yote nasema alifanya haraka. Halafu najiuliza: aliyeivuta waya ile bila kuiandika kwenye mchoro, yeye je? Huyo mpaka leo simsamehe.

Umeme haujakatika mpaka uupime. Shusha swichi, itie kufuli yako asije mwengine akaiwasha, ufunguo uwe mfukoni mwako. Ijaribu testa penye umeme hai. Kisha vipimo 10: fezi kwa fezi vitatu, fezi kwa nyutro vitatu, fezi kwa ethi vitatu, nyutro kwa ethi kimoja. Halafu pima kila waya ya kontakta utakayoigusa. Rudi tena penye umeme hai, uone testa haijafa njiani. Penye kidhibiti mwendo cha mota, subiri dakika zilizoandikwa juu yake. Kapasita zilizomo ndani, zinazohifadhi umeme, hubaki na chaji.

Na rilei ya mota, ile inayokata umeme ampea zikizidi, usiipandishe ili isikusumbue. Ifuate ampea ya kibao cha mota. Fyuzi moja ikiungua, mota huendelea kuzunguka kwa fezi mbili, inavuma, ampea zinapanda kama mara 1.7, koili zinaungua.

Najua utasema majumbani nako watu wanakufa. Kweli, na huko huna hata mwenzako wa kukukatia swichi. Basi uende au usiende, sisemi, ingawa ulimi unaniwasha. Uliza kwanza kama kila fundi ana kufuli yake. Wakikwambia ufunguo mmoja unakaa kwa msimamizi, nipigie kabla hujatia saini. Nimekwambia: umeme haujakatika mpaka uupime.

Baba yako