Bima inalipa dawa tatu tu, mama anatumia tano

SWALI: Habari za kazi. Mama yangu ana presha, sukari na moyo, dawa zake ni tano kila mwezi. Sasa bima wamebadilisha utaratibu, wanalipia dawa tatu tu zingine tujinunulie, ukiwauliza wanasema wanabana matumizi. Hivi kweli wanaokoa hela au wanatuhamishia mzigo? Na zile mbili tuziache?

JIBU: Pole sana dada, na mama mpe pole. Kwanza kabisa msiache dawa yoyote, hata wiki moja, kabla hamjaongea na daktari wake. Mpelekee orodha nzima, mwambie zipi zinalipiwa zipi hazilipiwi, manake kuna vidonge vyenye dawa mbili ndani ya kimoja, na kuna jeneriki za bei nafuu ambazo kazi ni ileile.

Sasa hilo la kuokoa hela. Kitu hichohicho kilishafanyika Marekani, mwaka 1981 jimbo la New Hampshire liliweka kikomo cha dawa tatu kwa mwezi kwa watu wa kipato cha chini wanaotibiwa na Medicaid, bima ya serikali, kikakaa miezi 11. Watafiti walipofuatilia wakakuta wazee wenye magonjwa sugu waliokuwa wakitumia dawa nyingi, uwezekano wao wa kuishia kwenye nyumba za kutunzia wazee umepanda kama mara mbili. Na kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, gharama ya huduma za akili iliyoongezeka, dharura zikiwemo, ilizidi kile kilichookolewa kwenye dawa mara 17. Mara 17 jamani! Na hapo maumivu ya mgonjwa na familia hayajahesabiwa.

Tatizo ni kwamba anayebana anaangalia karatasi ya dawa peke yake, wodi iko kwenye karatasi nyingine. Ukitaka kujua dawa ya presha inalipa au hailipi, lazima uweke na kiharusi ilichozuia, siku za kulazwa, na miaka ambayo mama anakaa mzima. Dawa haijabadilika hata kidogo, ila kwa kanuni hiyo tiba nzima imekuwa ghali zaidi.

Sisemi kila kanuni ni mbaya. Kuna sindano mbili za macho, bevacizumab na ranibizumab, utafiti wa 2011 ulionyesha zinasaidia kuona karibu sawasawa wakati ya kwanza ni ya bei rahisi mno, hapo bima ikisema tumia ya kwanza mi naiunga mkono kabisa. Ila kuhesabu tu moja mbili tatu basi, bila kuangalia mgonjwa anaumwa nini, hapana.

Kwa hiyo muombe daktari aandike barua ya kuomba mama aondolewe kikomo, ataje kila ugonjwa na kinachoweza kumpata dawa ipi ikikatwa. Mkijibiwa kwa simu msikubali, ombeni jibu la maandishi lenye sababu.