Nikitangaza maslahi yangu, haitoshi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha maadili ya tiba chuoni, na ni mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti. Juzi kampuni ya dawa ilinialika semina Zanzibar: tiketi ya boti, hoteli na posho, nami nikatoa mada ya nusu saa. Sasa maombi yao ya kujaribu dawa ya kisukari yameletwa kwetu, na mwenyekiti amenipa mimi faili niwe wa kwanza kulipitia. Nikiwaambia wajumbe kwamba nilikwenda semina ile, haitoshi? Hawakuniomba chochote.
Mjumbe, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kusema ni lazima, ila hakutoshi. Mrudishie mwenyekiti faili, kwa barua, na siku ya kikao utoke nje wakati maombi hayo yanajadiliwa. Muhtasari uonyeshe kwamba ulitoka.

Hawakukuomba kwa sababu wangeomba ungekataa. Tangu nistaafu uuguzi nimekaa kwenye kamati kama yenu, na sijasikia mjumbe akiambiwa "pitisha". Nilichosikia ni yule aliyezoea kuichambua fomu ya ridhaa, ile anayosaini mgonjwa kukubali jaribio, mstari kwa mstari akisema, "Hawa nawafahamu, wako makini." Hapo wengine nao hufunga makabrasha, hasa ikiwa saa ya chakula imefika.

Wewe ni mwalimu, basi chukua habari ya Jesse Gelsinger. Kijana wa miaka 18 kutoka Arizona, Marekani, mwenye ugonjwa wa ini wa kurithi ambao kwake ulidhibitiwa kwa dawa na mlo maalumu. Alijitolea kwenye jaribio la tiba ya jeni, yaani kumwingizia mgonjwa chembe ya urithi iliyo nzima, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Tarehe 13 Septemba 1999 alidungwa virusi vilivyobebeshwa jeni; tarehe 17 akafariki. James Wilson, mkuu wa taasisi iliyoendesha jaribio, ndiye aliyeanzisha Genovo, kampuni ya tiba ya jeni, na alikuwa na hisa humo. Chuo nacho kilikuwa na hisa.

Na fomu ya ridhaa ilisema! Iliandikwa kwamba Wilson, chuo na Genovo wana maslahi ya fedha jaribio likifaulu. Ambacho hakikuwamo kwenye fomu aliyosaini kijana ni habari ya kima waliokufa kwa dozi kubwa za virusi vya aina hiyo. Maslahi yalitangazwa, mzigo wa kuyapima akaachiwa mgonjwa.

Hata ushauri wa maadili ulitoka humohumo. Arthur Caplan, wakati huo mtaalamu wa maadili wa chuo hicho, alishauri watumike watu wazima badala ya watoto wachanga mahututi, kwa kuwa mzazi wa mtoto anayekufa hana uhuru wa kukataa. Hoja nzito, wala simshuku. Lakini aliyeitoa alilipwa na chuo chenye hisa, na mzazi aliyefiwa ana haki ya kuuliza.

Mwenyekiti atalalamika kwamba hamna mwingine anayekijua kisukari. Aombe msomaji kutoka chuo kingine. Likizuka swali la kitaalamu wakuite, ulijibu hilo tu, utoke tena. Posho uliyokwisha kula iandikwe kwenye daftari la kamati pamoja na kiasi chake, na wakikualika tena, mwambie mkuu wako chuo kilipe nauli au usiende.