Madam, chana hiyo orodha ya waheshimiwa

Chana. Leo, kabla hujapanga kitu kingine chochote.

Umesema wahitimu wa chuo chenu huko Kakamega wamekupigia kura uwe mkufunzi wa kuwahutubia siku ya mahafali. Umepewa dakika 10, unataka kusimulia visa vitatu kama Steve Jobs pale Stanford mwaka 2005, na unauliza kama utumie Kiswahili au Kiingereza, usome au uongee bila karatasi, uvae nini ndani ya joho. Kisha ukapachika kwa chini, kama jambo dogo, kwamba ofisi imekupa orodha ya wageni "ili usisahau mtu". Hapo chai ilinipalia.

Mimi ni mkufunzi wa ufundi bomba katika chuo kimoja upande wa Kisumu. Nami nilichaguliwa hivyo hivyo, mahafali ya kwanza baada ya uchaguzi wa Agosti 2022. Asubuhi ya siku yenyewe mzee mmoja wa kamati ya itifaki akanishika mkono, akanipa karatasi iliyochapwa vizuri, majina yamepangwa toka juu hadi chini. "Mwalimu, hawa uwataje wote. Hao ndio wanaokilisha chuo." Nikamwamini. Mtu ana tai, ana beji, ana redio ya mkononi, utamshuku vipi? Hakuniambia kwamba orodha ilikuwa ya mahafali yaliyotangulia na kilichobadilishwa ni tarehe tu.

Nikapanda jukwaani. Nikaanza na Seneta. Kiti cha Seneta kilikuwa kitupu, na kijana mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Hayuko!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikidhani msiba wa siku umeishia hapo. Gavana alikuwa ametuma mwakilishi, na huyo mwakilishi naye alikuwa ametuma mtu. Sawa, nikaruka. Halafu nikafika kwa Mbunge. Nikamtaja jina lote, kwa sauti nzito, nikaongeza "mchapakazi wetu". Hilo sikuandikiwa na yeyote, lilitoka kwangu mwenyewe kwa raha zangu. Jina lilikuwa la yule aliyeangushwa Agosti. Aliyemwangusha alikuwa ameketi mstari wa mbele, amekunja nne, ananitazama.

Wafuasi wake walikuwa wamejaa nje ya hema. Filimbi zilizopigwa hapo, acha tu. Nikaomba radhi. Kisha ikabidi niombe radhi kwa ajili ya ile radhi, maana katika kumsifu mpya nilionekana namkejeli wa zamani, ambaye naye ana shangazi na wajomba waliokuja kuona watoto wao wakihitimu. Mshereheshaji akanipitishia kikaratasi: malizia. Na unaijua mvua ya huku kwetu. Asubuhi jua, mchana joto, saa tisa ngurumo kutoka upande wa milimani. Ilipoanza kulipiga hema hakuna aliyesikia kitu, na kijana wa jenereta akazima asije akaua mtu kwa umeme.

Wahitimu hawakusikia hata sentensi moja iliyowahusu. Nilikuwa nimeandika juu ya darasa lililojifunza likipokezana kifaa kimoja cha kukata nyuzi za bomba, na bado likafikisha maji kwenye bweni la wasichana baada ya mkandarasi kushindwa. Wazazi wao walikuwa pale, wametoka Siaya na Vihiga kwa matatu za alfajiri, na hawajui mpaka leo watoto wao walifanya nini. Hilo ndilo linaloniuma. Mengine nacheka.

Haya, nacheka kidogo tu. Mvua ilipotulia, Mheshimiwa alipewa nafasi akaitumia kueleza tofauti ya mwalimu na mpiga debe. Tulikuwa tukimtarajia atangaze vifaa vya karakana, na hakuvigusa. Baadaye nikapata barua ya kunitaka nijieleze, imenukuu Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, kile kipengele cha kutoegemea upande wa kisiasa. Mimi! Mtu ambaye chama pekee nilichowahi kujiunga nacho ni cha kununuliana sufuria.

Na yule mzee? Kwenye kikao alisema alinipa "mwongozo tu". Mwongozo! Kipofu angeniongoza vizuri zaidi, angalau angeuliza njia. Bado yuko kwenye kamati. Bado ana redio.

Usiniambie orodha yenu ni mpya. Hata ikiwa mpya ina mtego. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti vile vyuo vya ufundi vya vijijini, hizi taasisi kubwa zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Sasa chuoni kwenu nani anatangulia kutajwa, Gavana au mjumbe wa Katibu wa Wizara? Jibu lolote utakalotoa, kuna mtu atanuna. Acha mkuu wa chuo na mshereheshaji wabebe hatari hiyo, ni kazi yao. Wewe hukuchaguliwa na waheshimiwa.

Huyo Steve Jobs wako, mtazame tena. Sentensi moja ya kukiheshimu chuo, akaingia kwenye visa vyake, akamaliza kwa dakika kama 15. Hakumtaja mwenyekiti wa bodi, wala gavana wa California, wala chifu. Chukua hilo kwake. Visa vitatu kwa dakika 10 ni vingi, chukua kimoja.

Sema: "Wahitimu, wazazi, wageni wetu, itifaki imezingatiwa." Kisha wageukie wahitimu, uwape mgongo kidogo hao wa viti vya sofa ikibidi. Usimtaje mtu yeyote kwa jina. Yeyote! Wakikuletea orodha nyingine asubuhi, ipokee kwa mikono miwili, sema asante mzee, itie mkobani na usiifungue.

Lugha, tumia ile ambayo nyanya wa mhitimu ataelewa. Na mwombe msajili akupange kabla ya wanasiasa na kabla ya saa nane. Wakishaanza kukaribishana wao kwa wao, dakika 10 zako zimeliwa.

Ya joho wajibu wengine. Langu lilirudi kwa aliyenikodisha likiwa limelowa chapachapa, akanikata pesa ya dobi.